Tununue mashine yetu, au tuendelee kulipa maabara ya pamoja?

Swali: "Mimi ni mratibu wa mradi mdogo wa malaria kwa wajawazito hapa Kisumu. Tunachukua damu kwenye zahanati nne za Nyando na Seme, kisha tunaipeleka kwenye maabara ya pamoja ya taasisi inayotusimamia. Kila sampuli tunailipia, na mwaka huu bei imepanda. Juu yake, asilimia 8 ya bajeti inakatwa kwa kile wanachokiita gharama za usimamizi. Mkuu wangu amechoka. Anataka tununue friza na mashine yetu ya PCR tujitegemee. Kwa miaka miwili tunatarajia sampuli 900. Daktari, tununue? Na hiyo asilimia 8 inafanya kazi gani hasa? Nikitaka kuzungumza nao, nianze na nani?"

Jibu:

Dadangu, mimi si daktari. Nilianza kazi nikisoma slaidi za malaria kwa hadubini, nikaishia kuwa msimamizi wa maabara ya pamoja, na kwa miaka 19 sasa nusu ya siku yangu humezwa na makaratasi. Yaani nimekalia viti vyote viwili vinavyowakera nyinyi watu wa miradi.

Mashine msinunue. Friza labda, lakini si kwa namna anayoifikiria mkuu wako. Asilimia 8 lipeni, ila mdai kuonyeshwa inakokwenda.

Chukua kalamu tuanze na mashine. Sahani ya PCR, kipimo kinachosaka DNA ya vimelea kwa kuizidisha, ina vishimo 96. Toa 6 vya udhibiti: sampuli tunayojua ina vimelea, tunayojua haina, na maji matupu, kila moja mara mbili. Vinabaki 90. Damu ya kila mama nayo hupimwa mara mbili, kwa hiyo sahani moja inabeba akina mama 45. Sampuli zenu ni 450 kwa mwaka, yaani sahani 10. Sahani moja hukaa ndani ya mashine kama saa mbili. Basi mashine yenu itafanya kazi saa 20 kwa mwaka mzima, na mwaka una saa 8,760. Weka mara tatu yake kwa ajili ya marudio, mafunzo na sahani zitakazoharibika: saa 60. Muda uliobaki itakaa imefunikwa kitambaa, na ikiwa imefunikwa hivyo bado inakula pesa.

Inakula vipi? Bei hubadilika kwa kila muuzaji, kwa hiyo hizi ni namba za mfano tu. Tuseme mmeipata kwa shilingi milioni 4 na itadumu miaka 8. Uchakavu wake ni shilingi 500,000 kwa mwaka. Mkataba wa matengenezo katika kazi yetu huwa karibu asilimia 10 ya bei ya kununulia kila mwaka, hivyo ongeza 400,000. Jumla 900,000, gawanya kwa sampuli 450: kila sampuli imeshakugharimu shilingi 2,000 kabla hujanunua tone moja la kitendanishi, yaani kemikali ya kupimia, na kabla hujamlipa mtu. Mashine hiyohiyo ikipokea sampuli 9,000 kwa mwaka kutoka miradi mbalimbali, sehemu hiyo ya gharama inashuka hadi shilingi 100.

Najua mkuu wako atasema mkataba wa matengenezo mtauruka. Wengi husema hivyo. Mwaka wa kwanza hauna neno. Mwaka wa pili taa ya ndani inafifia, matokeo yanaanza kuyumba, mnamwita fundi kutoka Nairobi kwa nauli, malazi na bei ya dharura, naye anawaambia kipuri kinaagizwa ng'ambo. Hapo ndipo watu hubeba sampuli zao kwenye kasha la barafu na kurudi kwenye maabara waliyoisema vibaya.

Na mashine ni sehemu ndogo tu. PCR inataka vyumba vitatu: cha kuchanganyia vitendanishi, cha kutolea DNA kwenye damu, na cha mashine yenyewe. Kazi huenda upande mmoja tu, kama maji ya mto. Koti lililovaliwa kwenye chumba cha tatu halirudi cha kwanza, na pipeti, kile kifaa cha kuvutia majimaji, vilevile. Sababu ni kwamba PCR huzalisha nakala za DNA kwa mabilioni, na ukifungua kijichupa kimoja kilichokwisha kuzalishwa, nakala hizo huelea hewani, zikatua mezani, kwenye glovu, kwenye kitasa cha mlango. Nimewahi kuitwa kusaidia mahali walipoweka kila kitu kwenye chumba kimoja ili kubana matumizi. Walikuwa wamekaa wiki tano bila kuelewa kinachoendelea. Nikaomba waniwekee sahani nzima ya maji matupu, hakuna damu hata moja. Ilipokwisha, vishimo zaidi ya nusu vilisoma kuwa na malaria. Maji yalikuwa yameanza kuugua! Walitupa vitendanishi vyote, wakapaka rangi ukuta, wakarudia miezi miwili ya kazi. Vyumba vitatu, meza za kutosha na mtu wa kuwakemea wenye makoti vimo ndani ya bei unayolipia kila sampuli.

Friza ina habari ndefu zaidi.

Friza ya nyuzi 80 chini ya sifuri hula kama yuniti 10 hadi 20 za stima kwa siku, kulingana na ukubwa na umri. Chukua 15: kwa mwaka ni yuniti 5,475. Zidisha mwenyewe kwa bei iliyo kwenye bili yenu. Joto linalotolewa ndani linamwagwa chumbani, na chumba chenye friza nne bila kiyoyozi, Kisumu, mwezi wa Februari, ni tanuri. Friza iliyo ndani ya tanuri hujichosha mpaka kompresa inakufa. Kwa hiyo unaponunua friza unakuwa umenunua pia kiyoyozi, jenereta, dizeli, kengele ya hatari, na mtu ambaye simu yake haizimwi usiku.

Jumamosi moja ya Aprili, kwenye taasisi niliyokuwa nafanyia kazi wakati huo, radi ilipiga na stima ikapotea saa mbili usiku. Jenereta ilitakiwa kuwaka yenyewe. Haikuwaka. Betri yake ya kuwashia ilikuwa imekufa, na fomu ya ukaguzi wa kila wiki ilikuwa imetiwa tiki wiki tatu mfululizo na mtu ambaye hakuwahi hata kuisogelea. Mlinzi wa zamu aliona taa nyekundu dirishani akanipigia simu. Nilifika kwa boda, nimelowa chapachapa. Friza ya kwanza ilikuwa inasoma -71, ya pili -62. Zilikuwa za aina moja na umri mmoja, lakini ya kwanza ilikuwa imejaa mpaka mlangoni, ya pili nusu tupu, na hewa haishiki baridi kama vitu vilivyoganda vinavyoishika. Mtafiti mmoja kijana alikuwa ameshafika, anataka kufungua mlango aone tu kama sampuli zake ziko salama. Nilimkalisha kwenye kiti, nikamwambia akifungua hazitakuwa salama. Fundi alikwenda kwenye gari la nyanjani lililokuwa limeegeshwa uani, akang'oa betri yake, akaiunganisha, na saa nne na dakika kumi jenereta ikanguruma. Asubuhi zote mbili zilikuwa -80.

Sasa jiulize bili ya usiku ule iliandikiwa mradi gani. Mlinzi aliyeelewa maana ya taa nyekundu kwa sababu alifundishwa, fundi, gari, dizeli, mimi na boda yangu: hakuna hata kimoja kilichokuwa kwenye orodha ya bei za sampuli. Vyote vilikuwa ndani ya kile unachokiita asilimia 8. Nikuongezee: jambo la kwanza tulilofanya Jumatatu lilikuwa la kiofisi. Tuliifuta fomu ya tiki na kuweka fomu inayodai uandike volti za betri. Tiki mtu anaweza kuitia akiwa kitandani, volti hawezi.

Ukiniuliza ni nini kimeharibu sampuli nyingi zaidi katika miaka yangu, siwezi kusema stima. Ni daftari. Waswahili walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na nadhani waliwahi kufungua friza ya utafiti. Tuliwahi kufungua moja ambayo kila mtu alidhani ni ya mwenzake. Ndani, chini ya barafu ya unene wa kidole, masanduku yaliyoandikwa kwa kalamu ya wino herufi mbili mbili za jina la mtu aliyekuwa ameshaondoka kwenda kusoma ng'ambo. Vijichupa vingine vilikuwa na namba iliyofutika nusu, vingine namba moja imejirudia mara mbili kwenye masanduku mawili tofauti. Karani wangu, mama mmoja mwenye subira ya mvuvi, alikaa na madaftari ya zamani siku kumi na moja, amevaa sweta mbili, akilinganisha tarehe za kuchukuliwa damu na orodha za kliniki. Aliokoa karibu theluthi mbili. Kisha likaja lililo gumu zaidi: alipozipata fomu za ridhaa, zilisema sampuli zitateketezwa baada ya miaka 5. Tulikuwa tumezishikilia miaka 7. Hapo ilibidi kuandika kwa kamati ya maadili, kueleza, kuomba radhi, na kuteketeza. Damu ile ilikuwa imelipiwa stima miaka yote hiyo na haikujibu swali hata moja la mtu.

Friza hiyo ndiyo ninayoiita friza yatima, na kila mradi wa miaka miwili unaonunua friza yake unazaa mmoja. Pesa zikiisha, mratibu anapata kazi nyingine Homa Bay, mkuu anahamia chuo kingine, friza inabaki kwenye korido inavuma. Kama mkuu wako hataki kusikia, basi nunueni, lakini iwekeni ndani ya chumba cha pamoja, chini ya kengele ileile na jenereta ileile, kwa mkataba wa ukurasa mmoja: mradi ukiisha friza ni ya nani, sampuli ni za nani, nani ana mamlaka ya kutia sahihi ya kuziteketeza, na kwa tarehe ipi. Muulize mfadhili kwanza, maana wengine huweka masharti kuhusu mali inayonunuliwa kwa pesa zao.

Nimeingia kwenye ofisi bila kukuaga. Niendelee humohumo.

Watu wa miradi huiona ofisi kama tozo la barabarani: unasimamishwa, unalipa, unapita. Lakini sampuli isiyo na karatasi ni damu tu. Ili damu ya mama wa Seme iwe sampuli, inahitaji ridhaa iliyosainiwa katika lugha anayoielewa, idhini ya kamati ya maadili ambayo huhuishwa kila mwaka, leseni ya utafiti ya NACOSTI, tume ya taifa ya sayansi, ambayo nayo ina tarehe ya mwisho, na baraka za idara ya afya ya kaunti. Tangu Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, mnatakiwa pia kueleza jina na namba yake ya simu vinahifadhiwa wapi na nani anaviona. Idhini ya maadili ikiisha tarehe 14 na nyinyi mkachukua damu tarehe 15, damu hiyo haina pa kwenda, hata ingepimwa na mashine bora duniani. Mtu anayekukumbusha miezi mitatu kabla ana meza ndogo pembeni ya korido, na hakuna mradi unaomtaja kwenye shukrani za makala.

Chukua pia siku mtakapotaka kupeleka sehemu ya sampuli Nairobi au ng'ambo. Kwanza mkataba wa kuhamisha sampuli, uliosainiwa na pande zote mbili. Kisha ufungashaji wa tabaka tatu: kijichupa, chombo cha pili kisichovuja chenye kitu cha kunyonya, kisha kasha la nje lenye alama ya UN3373, inayotambulisha sampuli za kibiolojia. Barafu kavu, yaani kaboni dioksidi iliyogandishwa, ina alama yake, UN1845, na uzito wake unaandikwa kwa kilo. Na kasha hilo halifungwi likakosa pumzi, kwa sababu barafu kavu ikiyeyuka inageuka gesi na kasha lililozibwa kabisa linaweza kupasuka. Kwa usafiri wa ndege, anayefungasha huhitaji mafunzo, nayo hurudiwa kila miezi 24. Mkitaka kujitegemea, ni nani kwenu mtampeleka mafunzoni kila baada ya miaka miwili ili afungashe makasha manne?

Manunuzi sitayatetea sana. Taasisi ya umma inabanwa na Sheria ya Ununuzi wa Umma na Uuzaji wa Mali ya 2015, mwaka wa fedha unafungwa 30 Juni, na kati ya Mei na Agosti kupata oda ya ununuzi ni kama kungoja mvua Turkana. Hapo mna haki ya kulalamika. Ila jueni kwamba maabara ya pamoja inayojua kazi yake huagiza vitendanishi mwezi wa Februari ili kuvuka kipindi hicho, na mradi mdogo unaonunua peke yake hugundua jambo hili mwezi wa Julai, glovu zikiwa zimeisha.

Turudi kwenye asilimia 8. Namba hiyo inanipa fununu ya pesa zenu zinakotoka, maana NIH, shirika la serikali ya Marekani linalofadhili utafiti wa afya, huzipa taasisi zilizo nje ya nchi hiyo asilimia 8 kwa ajili ya usimamizi, ikihesabiwa juu ya gharama za moja kwa moja baada ya kuondoa vitu kama mashine kubwa. Vyuo vingi vikubwa vya Marekani kwa pesa za mfuko huohuo vimekubaliana viwango vinavyozidi asilimia 50. Simwambii mkuu wako afurahi. Namwambia tu kwamba kwa mradi wa shilingi milioni 12 anakatwa 960,000, na ndani ya hizo anatarajia uhasibu, ukaguzi wa hesabu, mishahara kulipwa kwa wakati, mlinzi, maji, intaneti, tanuri la kuteketezea taka na ofisi ya kukumbusha tarehe. Ajaribu kuajiri mhasibu mmoja tu kwa pesa hiyo halafu aniambie kimebaki nini cha mlinzi.

Lakini kuna swali moja ambalo ningekuwa nyinyi ningeliuliza kwa sauti, na taasisi nyingi hazipendi kuulizwa: je, mshahara wa mlinzi umo ndani ya asilimia 8, au umo ndani ya bei ya sampuli, au umo kwenye zote mbili? Gharama moja hairuhusiwi kulipishwa mara mbili. Kanuni za Marekani za ruzuku za serikali kuu, kifungu cha 200.468, zinaeleza jambo hili kwa huduma za pamoja kama maabara: bei itokane na gharama halisi, isibague mradi mmoja na mwingine, na ipitiwe upya angalau kila miaka miwili, na kilichozidi au kupungua kirekebishwe kwenye bei zijazo. Kama pesa zenu ni za huko, ombeni kuona hesabu iliyozaa bei ya mwaka huu. Maabara safi itakutolea karatasi moja. Ikikuambia "hii ndiyo bei yetu siku zote," hapo una kesi.

Kuhusu bei kupanda, nadhani najua sababu, na si ulafi. Mwanzoni mwa 2025, serikali ya Marekani iliposimamisha misaada yake ya kigeni, miradi mingi huku kwetu magharibi ilipata barua za kusimamisha kazi. Friza hazikupata barua. Stima iliendelea, mikataba ya matengenezo iliendelea, kabati za usalama, zile za kumkinga mtu anaposhika sampuli, zilihitaji kukaguliwa kama kila mwaka. Gharama ilibaki palepale huku wa kuigawana wakipungua. Ile hesabu yangu ya shilingi 100 na shilingi 2,000 hufanya kazi kurudi nyuma pia: kila mradi unaoondoka unapandisha bei ya waliobaki, nao waliobaki wakiona bei imepanda wanafikiria kuondoka. Mkitoka nyinyi na sampuli zenu 450, atakayelipa pengo ni yule wa mradi wa kifua kikuu aliye chumba cha pili, na mwakani naye atakuwa ananiandikia mimi.

Eneo hili limejengwa kwa kugawana hivyo. KEMRI, taasisi ya utafiti wa tiba ya Kenya, ilianzishwa 1979, na ushirikiano wake na CDC, shirika la Marekani la kudhibiti magonjwa, huku Nyanza ulianza mwaka huohuo. Ukipita Kisian kwenye barabara ya kwenda Busia, fikiria ni maswali mangapi tofauti yamepita nchi hii ya ziwa: utafiti wa vyandarua vyenye dawa kule Asembo na Gem mwishoni mwa miaka ya 1990, kisha chanjo ya malaria ya RTS,S iliyojaribiwa Siaya na Kombewa, hadi ikaanza kutolewa kwa watoto Homa Bay Septemba 2019. Msomaji mzuri wa slaidi hafunzwi kwa wiki mbili. Slaidi husomwa na watu wawili, hakuna anayejua jibu la mwenzake, wakitofautiana anaitwa wa tatu. Hao watatu wanahitaji mishahara hata katika miezi ambayo hakuna utafiti mkubwa, la sivyo wanahamia kliniki za mtaani na mnaanza upya.

Sasa nikwambie ninachodhani ndicho kinachomkera mkuu wako kweli. Si bei. Ni foleni. Nimeshasuluhisha magomvi mengi ya namna hii, na kila mara mtu anaanza na shilingi, ukimwachia aongee dakika kumi anafika kwenye majibu yaliyochukua wiki sita. Sampuli zenu ni chache, hazijazi sahani, kwa hiyo zinangoja za miradi mingine. Hilo ni halali, lakini liwe limeandikwa. Ombeni makubaliano ya huduma: majibu ndani ya siku ngapi, nani analipia marudio ikiwa kosa ni la maabara, na kipi kinaruka foleni. Kwa upande wenu kinachoruka foleni kiko wazi. Mama mjamzito mwenye homa hangoji sahani ijae. Huyo apimwe kwa hadubini au kipimo cha haraka palepale zahanati na atibiwe siku hiyohiyo. PCR ni ya utafiti wenu, si ya matibabu yake. Mkilitenganisha hilo tangu mwanzo, nusu ya haraka yenu itaisha.

Zile pesa za mashine, kama mkuu anazo kweli na mfadhili anaruhusu kuzigeuza, zitumieni kwenye vitu ambavyo maabara ya pamoja haiwezi kuwafanyia. Vipimajoto vinavyorekodi vyenyewe, kimoja ndani ya kila kasha linalotoka Nyando, ili mjue kama damu ilichemka barabarani kabla ya kumlaumu mtu wa maabara. Printa ndogo ya barkodi na lebo zinazoshika kwenye nyuzi 80 chini ya sifuri. Lebo za kawaida hubanduka zikiganda na utazikuta zimelala chini ya sanduku kama majani makavu. Na mtu mmoja wa data, hata nusu siku, ambaye kazi yake ni kulinganisha orodha ya zahanati na orodha ya maabara kila Ijumaa kabla ya saa tisa. Huyo atawaokolea sampuli nyingi kuliko friza.

Wa kuanza naye asiwe mkurugenzi. Mkurugenzi atakupa chai na kukuelekeza kwa msimamizi wa maabara, naye yuko mkutanoni. Nenda dirisha la kupokelea sampuli, umwone karani. Fika saa mbili unusu asubuhi, makasha ya nyanjani hayajaingia na bado ana nafasi ya kuongea. Mwombe akuonyeshe, kwenye daftari lake, sampuli zenu za mwezi uliopita: ziliingia saa ngapi, ngapi zilikataliwa na kwa nini. Nakwambia mapema ili usishtuke, kwa mradi mpya sababu ya kwanza huwa ni namba ya kijichupa kutofanana na namba ya fomu. Beba daftari lenu pia.